Je, Wajua? Ramani ya Rungwe Bila Bando

Simu haihitaji bando ili ijue ilipo. Mawimbi ya GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, nayo hufika Tukuyu bila malipo, ingawa chini ya miti minene ya Ziwa Ngosi hufifia kidogo. Kinachokula bando ni ramani yenyewe. Basi ipakue mapema, kabla hujaenda Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira.

Wanaotumia Linux hawakusahauliwa. Organic Maps, programu ya ramani inayojulikana zaidi kwenye simu, hufunguka pia kwenye kompyuta zao. Ila laptopu nyingi hazina kipokezi cha GPS, kwa hiyo utaiona njia lakini si mahali ulipo. Kwa simu za Linux ipo Pure Maps, ikisaidiwa na OSM Scout Server inayohifadhi ramani ndani ya kifaa.

Data za programu hizi hutoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Yeyote huruhusiwa kuihariri. Kijia cha kwenda shamba la chai kisipoonekana, usiilaumu programu: hakuna aliyekichora bado. Jisajili, ukichore.