Zana za Lugha Kadhaa za Programu katika Kompyuta Moja: Jua Haya Kabla ya Kulipa

Mwanafunzi wa kompyuta katika chuo hutakiwa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, kuandika programu kwa Python, Java na C. Huipeleka kompyuta yake kwa fundi ili awekewe zana za lugha hizo, na baada ya siku chache mojawapo hukataa kufanya kazi. Hapo huambiwa kwamba lugha hizo zinagombana: ama afute moja, ama apigiwe Windows upya, ama anunue kompyuta nyingine. Ushauri wa namna hiyo una gharama. Na Windows ikiwekwa upya bila mafaili kunakiliwa pembeni, kazi ya muhula mzima yaweza kupotea.

Lugha hizo hazigombani. Zana za kila lugha hukaa katika folda yake, na hata matoleo mawili ya lugha moja huweza kukaa pamoja. Kinachogombaniwa ni jina. Mtumiaji anapoandika neno python katika dirisha la amri, kompyuta haipekui diski nzima. Hufuata orodha ya folda iitwayo PATH, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake, na kuendesha programu ya kwanza inayoikuta yenye jina hilo. Folda isipokuwamo katika orodha, kompyuta hudai kuwa haiitambui amri, ilhali programu ipo. Toleo la zamani likitangulia katika orodha, ndilo litakaloitika.

Chanzo cha kawaida cha tatizo hili kwenye Windows ni kisanduku kidogo kilicho katika ukurasa wa kwanza wa usakinishaji wa Python, kinachouliza kama folda yake iongezwe katika PATH. Kisanduku hicho huwa hakijatiwa alama, na wengi hukipita bila kukisoma. Kabla ya kukubali ushauri wowote wenye gharama, fungua dirisha la amri uandike where python, kisha where java. Utaonyeshwa nakala zote zilizomo katika orodha, kwa mpangilio wa kuitwa kwake. Kurekebisha orodha hiyo katika mipangilio ya Windows ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo funga dirisha la amri na ufungue jipya, kwa kuwa lile la awali huendelea kushika orodha ya zamani. Hatua hii husahauliwa hata na mafundi wazoefu.

Wanaotumia Ubuntu wawe na hadhari moja ya ziada. Mfumo huo hutumia Python kwa shughuli zake wenyewe, na mtu akiiondoa ili "asafishe" kompyuta, huenda akabaki bila skrini ya kawaida ya kufanyia kazi. Toleo jingine liongezwe kando. La mfumo lisiguswe.

Kuhusu malipo, Python, OpenJDK ya lugha ya Java, na GCC ya lugha ya C hutolewa bure. Fundi ana haki ya kulipwa ujira wake, lakini hana leseni ya kukuuzia katika zana hizo. Wala hapana sababu ya kupokea nakala iliyovunjwa kufuli ya kitu kisichouzwa. Pakua Python kutoka python.org, si kutoka tangazo lililojitokeza juu ya matokeo ya utafutaji. Na ukiambiwa uzime kwanza kinga ya virusi, sitisha kazi hiyo.

Kifurushi cha data nacho kihesabiwe. Faili la kusakinisha Python ni la makumi machache ya MB, ilhali Android Studio pamoja na viambatisho vyake hula GB kadhaa, na ni busara kuipakua kwa mtandao wa chuo. Zana hiyo pia huhitaji RAM ya GB 8 kwa uchache. Mwenye GB 4 akishauriwa kuongeza RAM kwa ajili yake, hajadanganywa.

Unapomkabidhi fundi kompyuta, dai stakabadhi inayotaja kila zana itakayowekwa, toleo lake, na iwapo mafaili yako yatanakiliwa kabla ya kazi kuanza. Wakati wa kuichukua, andika python --version, java -version na gcc --version mbele yake, kisha ndipo ulipe.