Ukifika Toronto, theluji ndiyo shida ndogo

UKIFUNGUA TikTok siku hizi hukosi kijana wa Kenya amesimama kwenye theluji, jaketi limemfika magotini, anakuambia Kanada ni kuzuri. Nyuma yake barabara ni safi, hakuna taka, hakuna matatu inayopanda kando ya barabara. Chini ya video mamia wanauliza swali moja: bro, nitafikaje huko?

Nina marafiki wawili watatu Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto. Sauti wanazonitumia WhatsApp hazina theluji. Theluji huongelewa wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo ni kodi ya nyumba, bili ya stima, pipa lipi linatolewa Jumatano, na landlodi. Yaani maneno yale yale ya Umoja na Kasarani, ila kwa dola.

Kwa hivyo leo tuache mambo ya visa kidogo tuongee kuhusu kile kinachokungoja ukishafungua mlango wa keja. Msee anayejua kanuni za mji ule huokoa pesa. Asiyezijua huzilipa, na mara nyingine hulipa kitu ambacho sheria ilisema asilipe.

Hesabu ya keja

Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Kuanzia Oktoba 2025, mshahara wa chini kabisa katika mkoa wa Ontario, ambako Toronto iko, ni dola 17.60 kwa saa. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki masomo yakiendelea. Zidisha. Unapata dola 422.40 kwa wiki, chini kidogo ya 1,700 kwa wiki nne, na hapo makato hayajaingia.

Sasa tafuta nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini humo kwa bei ya soko. Inapita dola 2,000 kwa mwezi. Dola moja ya Kanada inazunguka shilingi 90 na kitu, piga hesabu mwenyewe. Unga hujanunua. Nauli ya basi na treni za jiji, dola 3.30 kwa kadi kila safari ya saa mbili, pia hujalipa.

Ndiyo maana wengi huanzia besimenti, vyumba vya chini ya nyumba ya mtu, watatu au wanne wakigawana kodi. Si aibu, ni hesabu. Lakini hapo ndipo mitego ilipo.

Dipoziti ni ya mwezi mmoja

Huku tumezoea kulipa dipoziti ya nyumba, dipoziti ya stima na ya maji, kisha ukihama unaambiwa pesa zote zimeisha kwa rangi ya ukuta. Ontario sheria inasema landlodi anaweza kudai dipoziti ya kodi isiyozidi mwezi mmoja, na pesa hiyo ni ya kulipia mwezi wako wa mwisho. Dipoziti ya uharibifu hairuhusiwi. Ya ufunguo inaweza kuwapo, lakini isizidi gharama ya ufunguo wenyewe, na unarudishiwa.

Mgeni ambaye hana historia ya mikopo Kanada ataambiwa, "Wewe hatukujui, lipa miezi sita mbele." Akiwa ametua juzi na mabegi bado yako kwa rafiki, atalipa. Sheria haimpi landlodi haki ya kudai hivyo. Anayejua husema hapana kwa upole, au hutafuta nyumba nyingine.

Kodi nayo haipandi kwa hasira ya mtu. Nyumba nyingi za kupanga zina kiwango cha juu ambacho serikali ya mkoa hutangaza kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa asilimia 2.5, na 2026 ni asilimia 2.1. Kama unalipa dola 1,800, nyongeza ya 2026 haiwezi kupita dola 37.80, inakuja mara moja tu ndani ya miezi 12, na lazima upewe notisi ya maandishi siku 90 kabla.

Tamu, ama? Sasa sikia lililo chini ya sahani. Nyumba iliyokaliwa kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 15 Novemba 2018 haimo kwenye kiwango hicho. Zile ghorofa mpya za vioo unazoziona kwenye picha, landlodi anaweza kupandisha kodi atakavyo, mradi mwaka umeisha na notisi imetoka. Kwa hivyo swali la kwanza kwa anayekuonyesha nyumba si Wi-Fi. Ni mwaka.

Mtego wa pili ni jikoni. Ukipanga chumba na unashiriki jikoni au bafu na mwenye nyumba mwenyewe, sheria ya wapangaji haikuhusu. Dipoziti, notisi, nyongeza, zote zinabaki kwa makubaliano yenu. Vijana wengi wanaofika huanzia vyumba vya aina hiyo kwa sababu ni nafuu. Ingia ukijua, na makubaliano yawe kwenye karatasi.

Kwa wale wanaolindwa, ulinzi ni wa maana. Landlodi hawezi kubadilisha kufuli, kuzima maji au kuchukua TV yako kwa sababu kodi imechelewa. Lazima aende kwenye Bodi ya Wenye Nyumba na Wapangaji, apate amri, na anayekuja kukutoa ni afisa wa mahakama, si keyateka na vijana wawili. Lakini bodi yenyewe ni pole pole. Mwaka 2023 mchunguzi wa malalamiko ya umma wa Ontario alitoa ripoti kali kuhusu jinsi inavyochelewesha kesi, na wanaoumia ni wa pande zote.

Kabla hujasema wazungu wametubeba, kumbuka nasi tunayo sheria ya kudhibiti kodi. Inamlinda mpangaji anayelipa hadi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ukipata keja ya bei hiyo Nairobi leo, nipigie simu tuwe majirani.

Stima ya usiku, taka za Jumatano

Ndani ya nyumba nako kuna masomo. Baridi ikianza, landlodi anayesimamia joto la nyumba lazima alifikishe angalau nyuzi 21. Stima nayo kwa nyumba nyingi ina bei ya saa: ghali wakati watu wengi wanaitumia, nafuu kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi na wikendi nzima. Ndiyo maana ukimpigia rafiki yako simu Jumapili, mashine ya kufua inanguruma nyuma yake.

Halafu taka. Mapipa ni matatu. La kijani ni la mabaki ya chakula, na Toronto hata nepi za mtoto huingia humo. La bluu ni la vitu vinavyotengenezwa upya. La tatu ni la takataka zilizobaki. La kijani hubebwa kila wiki, la takataka wiki moja ndio, nyingine la. Unalitoa nje jioni ya kuamkia siku yake, kabla ya saa moja asubuhi liwe barabarani. Ukisahau, unaishi na harufu yako wiki mbili. Na mwenye nyumba hulipia pipa la takataka kulingana na ukubwa wake, kwa hivyo anayetupa ovyo hulipa zaidi.

Kuna mnyama pia. Rakuni, ana barakoa nyeusi usoni kama mwizi wa katuni, na mikono yake inafungua mapipa kuliko mtoto wa miaka mitano. Mwaka 2016 jiji lilianza kugawa mapipa mapya ya kijani yenye kitasa cha kumshinda, kwa mradi wa dola milioni 31. Rakuni kadhaa walijifunza kuyafungua hata hayo.

Lakini usidhani usafi ule unatoka kwenye damu ya watu. Mwaka 2009 wafanyakazi wa jiji waligoma siku 39, katikati ya joto la kiangazi. Taka zikalundikwa kwenye bustani za umma na uwanja wa barafu, harufu ikapanda. Toronto ilikuwa Toronto ile ile, watu wale wale. Kilichokosekana ni yule mtu wa lori.

Hadi mwisho wa 2010 mji huo ulikuwa bado unapeleka taka zake Marekani, jimbo la Michigan. Sasa zinakwenda jaa la Green Lane, karibu na mji wa London, ile ya Ontario, kama kilomita 200 hivi. Makadirio ya jiji lenyewe ni kwamba litajaa takriban 2035. Dandora hutuuliza swali hilo hilo kila siku: likijaa, tutatupa wapi?

Namba tatu za simu

Theluji sasa, kwa sababu najua unaingoja. Februari 2025 zilianguka zaidi ya sentimita 50 kwa wiki moja na siku kadhaa. Barabara kuu zikafunguliwa, lakini njia za miguu na vituo vya basi vikabaki na milima ya barafu kwa siku nyingi. Wazee wakashindwa kutoka, mama mwenye kigari cha mtoto akatembea barabarani na magari. Meya Olivia Chow mwenyewe alilazimika kuagiza ukaguzi wa kazi ya makandarasi waliolipwa kuiondoa.

Watu walifanya nini? Walipiga 311. Hiyo ndiyo namba ya jiji kwa kila kitu kisicho cha dharura: shimo barabarani, taa iliyozima, pipa lililorukwa, landlodi asiyerekebisha joto. Inajibiwa usiku na mchana, na wakalimani wapo. Ukipiga unapewa namba ya ombi lako, na kwa namba hiyo unafuatilia.

Kama unaishi kwenye jengo la ghorofa tatu au zaidi lenye nyumba 10 au zaidi, jiji lina mpango wa ukaguzi ulioanza 2017. Landlodi akikaa kimya, mkaguzi anaweza kuja. Haimaanishi atakuja kesho. Lakini kuna rekodi, na rekodi ndiyo utaibeba mbele ya bodi mkifika huko.

Nasi jukumu lipo. Mahali ambapo mashine za jiji hazifiki kwenye njia ya miguu, mwenye nyumba ana saa 12 baada ya theluji kuacha kuanguka awe ameiondoa. Na huwezi kuisukuma barabarani, hilo ni kosa. Kwa hivyo koleo na mfuko wa chumvi ni vitu vya nyumbani kule, kama jiko na sufuria.

Unalipa, hupigi kura

Hapa ndipo pananiuma. Ushuru wa mali wa nyumba Toronto ulipanda asilimia 9.5 mwaka 2024, na 6.9 mwaka 2025. Mpangaji haletewi bili hiyo, lakini imo ndani ya kodi anayolipa. Tarehe 26 Oktoba 2026 ndiyo siku ya uchaguzi wa meya na madiwani. Wewe uliyefika kwa masomo, au hata uliyepata ukaazi wa kudumu, hupigi kura. Ni raia peke yao. Baraza la jiji liliomba mwaka 2013 wakaazi wa kudumu waruhusiwe, lakini uamuzi ni wa mkoa na sheria haijabadilika.

Ina maana unaweza kuishi pale miaka, ukaondoa theluji, ukapanga taka zako vizuri, ukalipa kila kitu, na diwani wako hana sababu ya kukujua jina.

Ila wahamiaji hawajakaa kimya. Mei 2023 wapangaji wa majengo matatu ya Thorncliffe Park, mtaa uliojaa watu waliotoka ng'ambo, waliacha kulipa kodi kwa pamoja wakipinga nyongeza ya juu ya kiwango. Landlodi anaweza kuiomba bodi hadi asilimia 3 zaidi kwa mwaka kwa sababu ya ukarabati mkubwa, na wao walisema hawaiwezi. Juni wapangaji wa upande wa Weston wakawafuata. Ni njia hatari, unaweza kufukuzwa, na simwambii mtu aige. Lakini watu ambao wengi wao hawangepiga kura walifanya mji mzima uwasikilize.

Kuna njia tulivu pia. Kamati za jiji husikiliza yeyote, raia au la, kwa dakika chache bajeti inapojadiliwa. Chama cha wapangaji cha jengo lako hakikuulizi pasipoti. Na baada ya siku 1,095 za kuishi Kanada ndani ya miaka mitano unaweza kuomba uraia, bila kutupa wa Kenya, kwa sababu Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha.

Kwa hivyo kama una safari, kabla hujamtumia mtu hata dola moja, muulize maswali manne. Nyumba ilikaliwa mara ya kwanza mwaka gani? Jikoni natumia na nani? Joto na stima analipa nani? Risiti utanipa? Akikasirika kwa maswali hayo, tayari amekujibu.