Nchi Jirani: Moto wa Mlima Kenya na Fedha za Kuuzuia

Askari aliyewahi kuamriwa kupanda mlima kwenda kuzima moto anajua kwamba adui huyo haogopi bunduki. Hupanda mteremko upesi kuliko miguu ya mtu. Huruka korongo kwa cheche moja. Na palipo na tabaka nene la majani na mizizi iliyooza, hujificha chini ya ardhi, akaibuka kesho yake nyuma ya kikosi. Watanzania tulikumbushwa hayo Oktoba 2020, moto ulipozuka katika Mlima Kilimanjaro, na mamia ya watu wakalazimika kupanda kuukabili.

Jirani zetu wa Kenya wana historia ndefu ya mapambano ya namna hiyo. Machi 2012 moto mkubwa uliunguza sehemu za Mlima Kenya. Askari wa misitu na wa wanyamapori walipanda mlimani pamoja na wananchi wa vijiji vya kando, na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa nchini humo kwa mafunzo wakatoa msaada. Februari 2019 mlima huo uliwaka tena, na Februari 2022 ikawa zamu ya safu ya Aberdare. Swali wanalojiuliza Wakenya, nalo linatuhusu na sisi, ni hili: iwapo mwananchi wa kando ya msitu ndiye anayefika kwanza penye moto, je, nani agharimie kazi yake?

Tuanze na thamani ya kitu kinacholindwa. Mlima Kenya ni mmoja wa milima mitano mikuu ambayo Wakenya huiita minara ya maji; mingine ni Aberdare, Mau, Elgon na Cherangani. Maji ya Mlima Kenya na Aberdare huingia Mto Tana, ambao huendesha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Msitu ukiungua, mvua hupiga ardhi tupu, udongo hushuka mtoni, na mabwawa hujaa tope. Kwa hiyo moto unaowaka juu, mahali pasipokaa mtu, humfikia mkulima wa bondeni na mfanyakazi wa kiwandani mjini.

Moto huo aghalabu hauanzi wenyewe. Mrina asali huacha kijinga kinafuka chini ya mti. Mchoma mkaa hukimbia doria na kuliacha tanuri likiwaka. Mfugaji huchoma nyasi kavu ili zichipue mpya, upepo ukamzidi nguvu. Wengi wa watu hawa si maadui wa msitu. Wanaishi kwa msitu. Hapo ndipo serikali ya Kenya ilipobadili mwelekeo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na baadaye ile ya mwaka 2016, ziliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya misitu, kuvisajili, na kutia saini mkataba na idara inayohusika. Katika mkataba huo chama hupata haki za matumizi, kama vile kuweka mizinga, kukata majani ya mifugo na kuokota kuni. Kwa upande wake, chama hubeba wajibu wa kulinda msitu, na kusaidia kuzima moto ni mmojawapo.

Lakini sheria humpa mtu wajibu bila kumpa panga. Mwananchi anayekwenda motoni siku tatu ameacha shamba lake siku tatu. Anahitaji chakula, maji, viatu vinavyostahimili majivu ya moto, na njia ya kupata habari. Akiumia, anahitaji matibabu. Chama cha wakulima wadogo hakiwezi kubeba mzigo huo kwa ada za wanachama peke yake. Kwa sababu hiyo kumekuwa na umuhimu wa ruzuku, yaani fedha zinazotolewa kwa kazi maalumu bila kudaiwa zirudishwe.

Ruzuku za namna hiyo zimetoka sehemu mbalimbali. Mpango wa ruzuku ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanzishwa mwaka 1992 na kusimamiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, huvipa vikundi vya wananchi fedha moja kwa moja. Kwa miaka mingi kikomo cha ruzuku moja kilikuwa dola 50,000 za Marekani. Katika bonde la juu la Mto Tana, mradi ulioanza mwaka 2012 kwa msaada wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo ulivifikia vikundi vya kaunti zinazouzunguka mlima, kwa utaratibu unaovitaka vikundi navyo vichangie sehemu yao. Na sheria ya mwaka 2016 iliweka mfuko wa dhamana wa misitu, ambao mojawapo ya madhumuni yake ni kuendeleza miradi ya wananchi.

Fedha hizo hufanya nini zikitumiwa vizuri? Kwanza, hufyeka njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi, yaani kabla ya Januari na kabla ya Julai. Pili, hununua majembe, reki, vipigio na mabomba ya maji ya kubeba mgongoni, na kuviweka katika ghala karibu na msitu, si makao makuu. Tatu, hufundisha vijana kusoma upepo, kupanga safu, na kujua njia ya kurudi nyuma. Nne, humtafutia mrina asali mzinga wa kisasa na bomba la moshi, asiwe tena na haja ya kijinga. Shilingi iliyotumika hivyo huokoa shilingi nyingi za mafuta ya helikopta.

Hata hivyo, ruzuku ina udhaifu wake. Ina tarehe ya mwisho, na moto hauna. Mradi ukifungwa, njia za moto huota majani, mabomba hupasuka, na vijana waliofunzwa huenda mjini kutafuta kazi. Tena kuna hatari kwamba palipo na posho kwa kila moto, mtu asiye mwaminifu ataona faida katika kuwasha. Ndiyo maana ni busara ruzuku ilipie kinga kuliko tukio, hesabu zisomwe mbele ya wanachama wote, na kikundi kichangie jasho na fedha zake. Kinachobaki baada ya mfadhili kuondoka ni maslahi ya mwananchi mwenyewe. Mwenye mizinga hamsini msituni hahitaji kuamriwa kukimbilia moshi.

Kwa askari wetu, jeshini na polisi, mafunzo ya habari hii ni mawili. La kwanza, kikosi kinapofika mlimani, mwananchi wa pale ndiye ramani: anajua vijito, mapango na saa ambayo upepo hugeuka. Kamanda anayemkaribisha katika shauri la asubuhi huokoa maisha ya watu wake. La pili, uchunguzi wa chanzo cha moto hautafaulu ikiwa wananchi wanamwogopa askari. Chama kinachoaminiana na polisi hutoa habari mapema, kinachotishwa hunyamaza.

Moto haujui mpaka. Mlima Elgon uko Kenya na Uganda, na Kilimanjaro unaitazama Kenya. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha za kuziba ufa huo ni chache zikilinganishwa na gharama za ukuta, lakini sharti zitolewe wakati nyasi bado ni mbichi.