Kununua Baisikeli Kuukuu: Ya Kupanda au ya Kuuza

Kila likizo wako wenzetu wanaotumwa na wazazi wao kutafuta baisikeli ya bei nafuu. Mdogo wao amechaguliwa kuingia shule ya kata iliyo mbali na nyumbani, au mama anataka kupeleka nyanya gulioni, na fedha za kununua baisikeli mpya hazipo. Wako pia vijana wanaonunua baisikeli kuukuu, wakaitengeneza na kuiuza ili wapate fedha ya madaftari. Katika biashara hii wengine hupata faida, na wengine hutupa thamani ya gunia zima la mahindi kwa siku moja. Nia yangu ni kueleza jinsi baisikeli kuukuu inavyopimwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba baisikeli kuukuu haina bei moja. Mpandaji hununua kazi: anataka chombo kitakachompeleka na kumrudisha, wala jina lililoandikwa juu yake si kitu kwake. Mchuuzi hununua faida, yaani kile kinachobaki kati ya gharama zake zote na bei ya soko. Tena yuko mnunuzi wa tatu, mpenda vitu vya kale, ambaye hulipia umri na ukamilifu wa kitu hata kama hataki kukipanda. Basi kabla ya kuuliza bei, jiulize wewe ni yupi kati ya hao watatu.

BAISIKELI TULIZO NAZO

Katika nchi tambarare ya Usangu, kama vile Igurusi, Chimala na Ubaruku, baisikeli imebeba mpunga, maji na abiria kwa miaka mingi. Tangu pikipiki zilipoenea, nyumba nyingi zimeziegemeza baisikeli zao ukutani, na ndiyo sababu za kuuzwa hazikosekani. Za zamani kabisa ni Raleigh za Uingereza. Kampuni hiyo ilianza katika mji wa Nottingham katika miaka ya 1880, na kiwanda chake cha huko kiliacha kuunda baisikeli mwaka 2002. Zikaja Hero za India, Phoenix za China, na Swala zilizoundwa Dar es Salaam. Zile ndefu za Kihindi na za Kichina zilifuata umbo la Kiingereza: magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma virefu badala ya waya. Kwa hiyo vipuri vyake hupatikana hata katika maduka madogo, na kila fundi anazijua. Siku hizi ziko pia za mtumba kutoka Japani na Ulaya, ambazo ni nyepesi na nzuri, lakini vipuri vyake vyataka uangalifu, kama nitakavyoeleza.

JINSI YA KUPIMA

Anza na fremu, kwa maana vitu vingine vyote hubadilishwa lakini fremu ikivunjika baisikeli imekwisha. Tazama mahali mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu ni dalili ya ufa. Kisha chukua uzi, uufunge kwenye ncha ya nyuma mahali pa ekseli, uupitishe mbele ya bomba la usukani na kuurudisha kwenye ncha ya upande wa pili. Pima nafasi iliyoko kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Nafasi zikiwa sawa, fremu imenyooka. Zikitofautiana, iligongwa au ilibebeshwa mzigo kuliko nguvu yake.

Pili, inua gurudumu ulizungushe, huku ukitazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki. Rimu ikiyumba kidogo, fundi ataikaza kwa spoku. Ikiwa imeliwa na kutu kwenye matundu ya spoku, hesabu kwamba utanunua nyingine. Shika gurudumu ulisukume kulia na kushoto: likicheza, kaza au badilisha gololi.

Tatu, pima mnyororo kwa rula ya inchi 12. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, hivyo kwenye mnyororo mpya pini ya ishirini na nne huangukia inchi 12 barabara. Ikipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umechakaa. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, huenda na meno yamekwisha kuliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Gharama hapo si ya mnyororo peke yake.

Nne, soma namba iliyo ubavuni mwa tairi. Baisikeli ndefu nyingi zina 28 x 1½, ambayo pia huandikwa 635, na tairi zake ni rahisi kupata. Katika baisikeli za mtumba neno “inchi 26” hudanganya. Iko ya 26 x 1⅜, ambayo ni 590, na iko ya baisikeli za milimani, ambayo ni 559. Namba hizi ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa, kwa milimita. Tofauti ni milimita 31, na tairi ya moja haikai kwenye rimu ya nyingine. Uliza madukani kama tairi ya namba hiyo ipo kabla hujainunua baisikeli yenyewe.

Tano ni breki, na kwetu milimani hili ni jambo la uhai. Anayeshuka kutoka Iringa mjini kwenda Ipogolo, au kutoka Iwambi kwenda Mbalizi, hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Mpira wa breki hushika vibaya mno rimu ya chuma inayong’aa ikilowa, na mvua za kwetu ni za miezi mingi. Jaribu breki zote mbili mahali tambarare, moja baada ya nyingine. Asiye na breki ya mbele na ya nyuma ashuke asukume.

HESABU KABLA YA BEI

Baada ya kupima, chukua kalamu. Tuseme, kwa mfano tu, baisikeli ya kwanza inauzwa Sh. 70,000. Inahitaji tairi mbili Sh. 30,000, mnyororo Sh. 10,000, gololi na pini za krenki Sh. 6,000, na ujira wa fundi Sh. 10,000. Jumla ni Sh. 126,000. Ya pili inauzwa Sh. 110,000 nayo inahitaji mipira ya breki tu, Sh. 4,000. Jumla ni Sh. 114,000. Ile iliyoonekana rahisi kwa Sh. 40,000 imekuwa ghali kwa Sh. 12,000! Mchuuzi naye, kama soko linalipa Sh. 130,000, atapata Sh. 4,000 kwa ile ya kwanza na Sh. 16,000 kwa ya pili, na bado hajalipia mzigo juu ya basi kutoka kijijini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini rangi mpya huweza kukifanya kibaya nacho kijiuze. Ukiona baisikeli imepakwa rangi juzi, rudia kutazama fremu mara mbili.

ZILE ZA KALE

Raleigh ya kale iliyo kamili ina thamani nyingine. Gurudumu lake la meno lina vichwa vya ndege korongo vilivyokatwa katika chuma, na ndiye ndege aliye kwenye nembo yake ya mbele. Nembo huweza kuhamishwa, lakini meno na fremu vikiafikiana na nembo, una sababu ya kuamini. Nyingine zina gia tatu za Sturmey-Archer ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma. Juu ya kikombe hicho mara nyingi hupigwa mwaka na mwezi: 62 na 4 maana yake ni Aprili 1962. Hiyo ni tarehe ya kikombe, kwa kuwa gurudumu huenda lilibadilishwa. Kiti cha ngozi cha Brooks, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1866, hutafutwa sana na wapenda vitu vya kale.

Baisikeli ya namna hii usiipake rangi, wala usitupe kengele, taa au kifuniko cha mnyororo hata kama kimepinda. Isafishe kwa mafuta na kitambaa. Kwa mpandaji kifuniko hicho ni kelele tu. Kwa mpenda vya kale, kisipokuwapo bei hushuka.

Hapa pana jambo la heshima. Mzee wa kijijini huenda hajui kwamba kiti alichokalia miaka arobaini kina thamani kuliko magurudumu yote mawili. Kijana aliyemwamkia “Shikamoo mzee” kisha akamficha jambo hilo amemnyang’anya kwa maneno matamu. Mwambie, mkubaliane, na faida iliyobaki iwe halali yako. Vivyo hivyo unapouza, taja kasoro unayoijua. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi na ndugu yake.

Mwisho, usinunue baisikeli njiani kwa mtu usiyemjua. Nakili namba iliyopigwa kwenye fremu, andikeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa pamoja na mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Mali ya wizi ikikutwa kwako, wewe ndiwe utakayejieleza polisi, na fedha yako haitarudi.

Basi, wenzangu, mkitumwa likizo hii nendeni na uzi, rula na kalamu. Vitu hivyo vitatu vyote vimo katika mfuko wa mwanafunzi, na vyaweza kuokoa gunia la mahindi la mzazi.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV