Karo, Dini na Mtoto: Yaliyowakuta Wazazi wa Kiyahudi Marekani

Kila mwaka ukikaribia kwisha, hurudi majumbani mwetu swali lile lile: mtoto asome wapi? Wako wanaompeleka shule ya serikali asubuhi na chuoni jioni. Wako wanaojinyima ili kumlipia karo katika shule inayofundisha dini na masomo ya dunia chini ya paa moja. Swali hili si letu peke yetu. Mayahudi wa Marekani wamelikabili kwa zaidi ya miaka mia moja, wamezijaribu njia zote mbili, na yaliyowakuta yanafaa kutazamwa na kila mzazi.

Huenda msomaji akauliza: tujifunze nini kwa Mayahudi, hali nyoyo zetu zina machungu ya Palestina? Dhuluma ni dhuluma, wala hatuifumbii macho. Lakini hapa tunazungumza juu ya mama na baba wanaohofu kuwa watoto wao watakua bila ya kuijua sala. Hofu hiyo tunaijua.

Katika shule za serikali za Marekani, mtoto hafundishwi ibada wala imani ya dini yoyote. Familia za Kiyahudi zilizohamia huko kutoka Ulaya ya Mashariki, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ziliwaingiza wengi wa watoto wao katika shule hizo ili wapate Kiingereza na kazi. Kiebrania na Torati vikaachiwa saa za jioni au siku ya Jumapili. Mwalimu wa dini alimpokea mtoto aliyechoka, ambaye wenzake wako nje wanacheza. Wengi waliacha masomo walipotimiza miaka 13, umri ambao mvulana wa Kiyahudi huanza kuwajibika na amri za dini yake. Sherehe ilifanywa, na kitabu kikafungwa.

Ndipo baadhi ya wazazi wakaigeukia shule ya kutwa ya Kiyahudi, ambamo mtoto husali, husoma Torati na Talmud, kisha hesabu, sayansi na Kiingereza siku hiyo hiyo. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jimbo la Oregon iliyowalazimisha watoto kusoma shule za serikali. Kesi hiyo walikuwamo watawa wa Kikatoliki, lakini faida yake iliwafikia watu wa dini zote. Mwaka 1937 Rabi Joseph Soloveitchik na mkewe Tonya walianzisha Maimonides School mjini Boston. Shule hiyo ilipewa jina la Musa bin Maymun, mwanazuoni wa Kiyahudi mzaliwa wa Cordoba aliyeandika vitabu vingi kwa Kiarabu na kufariki Misri mwaka 1204. Mwaka 1944 ikaundwa jumuiya ya Torah Umesorah, kazi yake kueneza shule za namna hii miji yote. Waliookoka mauaji ya Hitler waliongeza ari hiyo. Kufikia mwaka wa masomo wa 2013-14, wanafunzi wa shule hizi nchini humo walikuwa zaidi ya 250,000.

Akina mama wana sehemu kubwa katika habari hii. Mjini Kraków, Poland, wavulana walikuwa wakisomeshwa dini kwa bidii, na dada zao wakiachiwa shule za kawaida tu. Wasichana wakawa wajuzi wa mambo ya dunia na wageni wa dini yao. Mshonaji nguo mmoja, Sarah Schenirer, aliliona pengo hilo, akawafungulia mabinti shule mwaka 1917. Shule hiyo ndiyo mwanzo wa zile ziitwazo Bais Yaakov, ambazo leo ziko hata Marekani. Alijua kuwa nyumba haisimami kwa elimu ya mume peke yake.

Lakini tusidhani njia hii ni nyepesi. Katika jiji kama New York, karo ya shule ya sekondari ya namna hii yaweza kupita dola 30,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, na mzazi huyo huyo bado hulipa kodi inayoendesha shule za serikali. Kuna misaada, lakini anayeiomba huitwa aonyeshe hati za mshahara na matumizi yake mbele ya kamati. Anayeumia zaidi ni yule wa kati: hakuwa maskini wa kusaidiwa, wala tajiri wa kulipa bila ya kukopa. Wako wanaofanya kazi mbili, na wako ambao babu na bibi ndio walipaji.

Zito kuliko hilo ni la mtoto mwenye ulemavu au ugumu wa kujifunza. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani inazitaka shule za serikali zimhudumie bila malipo. Shule nyingi za dini hazikuwa na walimu wala fedha za kumpokea. Hivyo ndugu wa tumbo moja wakatengana mlangoni: mmoja akaenda kusoma kitabu cha wazee wake, na mwingine akaambiwa hana nafasi. Mama wa mtoto huyo hasahau.

Tena liko la nyumbani. Mtoto alifundishwa shuleni kuitukuza Sabato, akarudi kwa wazazi wasioitukuza. Akaanza kuuliza. Wako wazazi waliokaa chini wakasoma pamoja naye, na wako waliomhamisha. Karo ilimnunulia mtoto mwalimu. Haikumnunulia baba wa kusali naye.

Sisi tunaona mafunzo matatu hapa. La kwanza, dini ikipewa masalio ya siku, mtoto ataihesabu kuwa ni masalio. Kama chuo cha jioni ndicho uwezo wetu, basi apumzike na ale kabla ya kwenda, na tumuulize alichosoma kama tunavyomuuliza hesabu. La pili, shule ya dini inayomfungia mlango mtoto wa maskini au mlemavu imepungukiwa na dini yenyewe. Waliojaaliwa mali na waangalie sadaka na wakfu zao zinakwenda wapi. La tatu, binti na ndugu yake wapimwe kwa kipimo kimoja.

Kabla ya Januari, mume na mke wakae pamoja. Wasianze na jina la shule. Waanze kwa kuulizana: jioni mtoto akirudi na alichofunzwa, atatukuta sisi tunafanya nini?

Wabillahi tawfiiq.