Wepesi wa Miguu Uwanjani

Wasikilizaji wetu, watu wengi hudhani ya kuwa wepesi wa miguu ni kipaji azaliwacho nacho mtu, na aliyekikosa hana dawa. Leo twataka kuwaeleza kwamba sivyo. Wepesi hufunzwa kama hesabu zifunzwavyo, na ajifunzaye vema huyalinda magoti yake pia.

Mtazameni mchezaji wa mpira anapogeuka ghafula. Kwanza hujizuia, kisha husimika mguu, ndipo ajisukumapo upande wa pili. Hatari imo katika kule kujizuia. Ndani ya goti mna kano iungayo mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Mtu akisimama kwa hatua ndefu, mguu umenyooka, na goti likaangukia ndani, kano hiyo yaweza kukatika hata asipoguswa na mtu. Akipasuliwa na daktari, hungoja kwa kawaida miezi 9 au zaidi kabla ya kucheza tena. Na wasichana hupatwa na msiba huu kuliko wavulana.

Basi mazoezi ni haya. La kwanza, chora ngazi ardhini kwa majivu, yenye vyumba 10, kila chumba futi moja na nusu. Ipite ukikanyaga mara moja katika kila chumba, kisha mara mbili, kisha kwa ubavu.

La pili, panga vifuu 6 vya nazi kwa kupindapinda, hatua 5 baina ya kimoja na kingine. Ukikaribia kifuu, fupisha hatua, kunja magoti, goti lielekee vielekeako vidole, ndipo ugeuke.

La tatu, mwenzako asimame mbele yako akunyoshee mkono kulia au kushoto, nawe ukimbilie huko mara uonapo. Hili lapita yote, kwa kuwa mchezoni hamna ngazi wala vifuu; mpinzani ndiye akulazimishaye kugeuka. Azoeaye ngazi peke yake atakuwa hodari wa ngazi tu.

Mwenda pole hajikwai. Pasheni mwili moto kwanza, anzeni taratibu, na mwendo uongezwe miguu ikiisha kutii. Robo saa yatosha, mara mbili au tatu kwa juma, kabla ya kuchoka.

Faida yake imepimwa. Katika nchi ya Norway, vilabu 125 vya wasichana wa miaka 13 hadi 17 viligawanywa: vingine vilifanya mazoezi ya kukimbia, kuruka, kusimama imara na kugeuka, vingine vikashika desturi yao. Habari ilipotangazwa mwaka 2008, ilionekana kwamba majeraha makubwa yalipungua karibu nusu kwa waliojizoeza.

Enyi walimu na wazee, majivu na vifuu havina bei. Wafunzeni vijana kusimama kabla ya kuwahimiza kukimbia.