Istilahi Nne za Sinthesaiza
Mfasiri wa maelezo ya sinthesaiza, yaani ala inayounda sauti kwa umeme, hana budi kukutana na istilahi nne ambazo asili yake ni mahitaji ya wanamuziki. Huko Marekani, mwaka 1964, mtunzi Herbert Deutsch alimweleza Robert Moog, aliyekuwa akiunda ala hiyo, kwamba sauti yake ilikosa namna ya kuanza na kukoma kama sauti za ala nyingine. Moog akabuni kifaa cha kuitawala, akakijaribu kwa kitufe cha kengele ya mlangoni. Mwaka 1965 mtunzi mwingine, Vladimir Ussachevsky, alimwagiza kifaa chenye sehemu nne, na mpango huo ndio ulioenea.

Twapendekeza mpando, mshuko, kiwango shikizi na mfifio. Mpando ni muda wa sauti kufikia kilele. Mshuko, muda wa kuteremka kutoka hapo. Mfifio, muda wa kuzimika baada ya kidole kuondolewa.

Istilahi ya tatu ndiyo yenye mtego. Neno la Kiingereza lamvuta mfasiri aandike "kudumu", na mwanafunzi adhani kwamba anapima sekunde. La hasha! Kinachopimwa hapo ni ukubwa, ambao mara nyingi ni ukubwa wa sauti, unaoshikiliwa maadamu kidole kingali kimebonyeza. Muda wake huamuliwa na mpigaji, si kifaa. Ussachevsky aliagiza vipimo vitatu vya muda na kimoja cha kiwango. Tafsiri inayovifanya vyote vinne kuwa muda humwacha mwalimu akizungusha kidhibiti asijue kwa nini sauti hairefuki.